Kifaa Gani Kinamfaa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vifaa Saidizi

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wakiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha vipimo, kabla hata hawajaitwa. Wengi wanaouliza ni mama, mume, dada au mjukuu. Nimejibu kama ninavyowajibu pale, kwa mtu anayeishi Tanzania au Kenya, kwenye nyumba za kwetu na barabara za kwetu.

Vifaa saidizi ni vitu gani hasa? Lazima viwe vya umeme?

Hapana. Mkongojo wa babu ni kifaa saidizi. Miwani nayo ni kifaa saidizi, na programu ya simu inayomsomea asiyeona ujumbe wake vilevile. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya vifaa 50 vya kipaumbele, na humo, pamoja na viti mwendo na shimesikio (vifaa vya sikioni vya kusaidia kusikia), kuna nepi za watu wazima, vishikio vya ukutani na kisanduku cha kugawia dawa za kila siku. Ninaitaja orodha hiyo kwa sababu watu huja wakifikiria kiti mwendo tu, wakati shida waliyo nayo pengine inaisha kwa kishikio cha bomba kilichojengewa ukutani na fundi wa mtaani.

Mwaka 2022 WHO na UNICEF walieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha aina hii, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Kwa hiyo kama mmehangaika muda mrefu, hamko peke yenu.

Tuanzie wapi? Tutafute kifaa kwanza au mtaalamu kwanza?

Anzeni na siku yake. Chukueni daftari, mwandike kuanzia anapoamka hadi anapolala: anatokaje kitandani, anaoga wapi, choo kiko umbali gani, anapanda nini kwenda kazini au shuleni, nani yuko nyumbani saa nne asubuhi. Halafu muulizeni mwenyewe, yeye na si msemaji wake, kitu kimoja ambacho angependa kukifanya bila kumwita mtu.

Jibu hilo hushangaza. Nakumbuka kijana aliyekuja kumtafutia baba yake kiti mwendo baada ya kiharusi. Mzee mwenyewe alipoulizwa, alisema hataki kuzunguka popote; anataka aende chooni usiku bila kumwamsha mkwewe. Choo chenyewe kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa. Walichoondoka nacho ni kigoda cha mbao chenye tundu katikati, maelezo ya kufunga vishikio viwili ukutani, na fimbo ya miguu minne. Kiti mwendo kilikuja mwaka uliofuata, alipoanza kutamani kwenda msikitini.

Mkija na daftari hilo, mtaalamu atawahudumia vizuri zaidi kuliko mkija na picha ya kifaa mlichokiona kwenye simu.

Nani anapaswa kumpima?

Inategemea shida. Viti mwendo, magongo na mazoezi ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Miguu na mikono ya bandia ni ya fundi sanifu wa viungo bandia. Masikio yana wataalamu wake wa usikivu, macho yana wa kwao wa uoni hafifu. Hospitali za rufaa na nyingi za mikoa, na za kaunti kwa Kenya, huwa na baadhi yao. Tanzania, watu wengi hufika hospitali ya CCBRT Dar es Salaam au ya KCMC Moshi. Pale pale KCMC ndipo kilipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 kimekuwa kikifundisha mafundi sanifu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Kenya kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, iliyoanza mwaka 1958 na ina karakana zake, pamoja na idara za viungo bandia katika hospitali za serikali.

Mwenye duka la vifaa vya hospitali si mtaalamu wa kupima. Anaweza kuwa mwungwana, lakini atawauzia kilichopo rafuni.

Viti mwendo ni vingi. Tutajuaje kinachofaa?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makosa mengi yanapotokea.

Kile kiti cha bomba zinazong'aa, chenye turubai la kukunjika, mnachokiona kwenye korido za hospitali, kilitengenezwa kwa ajili ya kumsukuma mgonjwa kutoka wodini hadi kwenye eksirei. Si kiti cha kukaliwa kutwa nzima. Turubai lake hulegea, mapaja yanaingia ndani, mgongo unapinda, na vigurudumu vidogo vya mbele vinazama kwenye mchanga wa uswahilini mpaka aliyekaa anapinduka kifudifudi. Kwa barabara ya vumbi, mawe na mitaro, kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali hupita vizuri zaidi. Kinaonekana kirefu na kigeni, lakini hakipinduki ovyo. Tatizo lake ni ndani ya nyumba: kwenye chumba kimoja chenye kitanda na kabati, hakigeuki. Anayeishi ghorofani au anayefanya kazi ofisini atafaidika zaidi na kiti kifupi cha magurudumu manne. Na anayesafiri kilomita kadhaa kwenda sokoni kuuza, mwenye mikono yenye nguvu na mgongo imara, afikirie baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono.

Aina ikishajulikana, kinachobaki ni vipimo. Mkalishe wima kwenye kiti kigumu, miguu ikanyage chini, kisha pima:

Upana wa nyonga, pale alipo mpana zaidi. Huo ndio upana wa kiti. Watu hupenda kuongeza "ili anenepe", au ili aenee na sweta. Msifanye hivyo. Kiti kipana humfanya aegemee upande mmoja, mgongo ukapinda, na mikono isiyafikie magurudumu.

Urefu wa paja, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Toa sentimita 3 hadi 6, upate kina cha kiti. Pima miguu yote miwili, ufuate ulio mfupi. Kina kikizidi, ukingo wa kiti utasukuma nyuma ya goti na yeye atateleza mbele, akae kama aliyelala.

Urefu wa mguu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku. Huo ndio umbali kutoka juu ya mto hadi kwenye kikanyagio. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti yanapanda na uzito wote unahamia makalioni.

Nimesema mto. Kiti bila mto kwa mtu asiyehisi makalio, kwa mfano aliyeumia uti wa mgongo au aliyezaliwa na mgongo wazi, ni hatari. Kidonda cha mgandamizo huanza bila maumivu, kinachimba ndani hadi mfupani, na kinaua. Mto uwe wa sponji ngumu iliyochongwa kufuata umbo la makalio. Sponji laini ya godoro hukandamizwa ikabaki karatasi. Aegemee mbele au pembeni mara kwa mara ili damu ipite, na ngozi ikaguliwe kila jioni. Kwa ngozi yetu nyeusi msisubiri kuona wekundu, kwa kuwa hauonekani vizuri. Pitisheni kiganja mkitafuta joto, ugumu au uvimbe. Mkivikuta, asikalie sehemu hiyo mpaka itulie.

La mwisho kabla ya kulipa: pimeni mlango mwembamba kuliko yote nyumbani, kisha upana mzima wa kiti kuanzia ringi ya kusukumia ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Na kama kuna ngazi, kila sentimita 15 za kupanda zinahitaji karibu sentimita 180 za mteremko wa zege. Mteremko mkali kuliko huo ni wa kupandishia mikokoteni.

Tumeahidiwa kiti cha msaada. Tukipokee?

Kipokeeni, ila ulizeni maswali mawili: atapimwa na nani, na kikiharibika kitatengenezwa wapi? Niliwahi kuhudhuria hafla moja ya ugawaji, mahema na muziki, ambako viti vyote vilikuwa vya saizi moja. Mtoto wa miaka 6 alikalishwa kwenye kiti cha mtu mzima, wakampiga picha, akarudi nyumbani mgongoni kwa mama yake huku kiti kikipakiwa juu ya daladala. Baada ya miezi michache kilikuwa kinatumika kubebea madumu ya maji. Simlaumu mama yule hata kidogo.

Kiti cha msaada kikiwa kikubwa kidogo, fundi anaweza kukipunguza: mto wa pembeni, ubao wa kukaza turubai, kikanyagio kilichopandishwa. Kikiwa kikubwa mno, kataeni kwa heshima au mwombe kibadilishwe.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka 3. Jirani ananiambia nimnunulie kiti mwendo.

Mama, kabla ya magurudumu mtoto anahitaji kukaa vizuri. Akikaa ameshikiliwa nyonga, mgongo na kichwa, anameza bila kupaliwa, anatumia mikono, anatazama watu usoni. Kwa umri huo kiti cha kona au kiti cha kawaida chenye meza mbele na mkanda wa nyonga kinaweza kumtosha, na kuna ufundi wa kutengeneza viti hivyo kwa maboksi, magazeti na uji wa gundi. Ulianzia Zimbabwe na umefika hadi kwetu. Kiti cha karatasi kikikauka vizuri na kupakwa vanishi kinambeba mtoto bila wasiwasi. Adui yake ni maji.

Kumbuka anakua. Apimwe upya kila baada ya miezi sita hivi. Na ukiona kiti kinamkaza au kichwa kinaanguka mbele kila saa, usisubiri tarehe ya kliniki.

Magongo yana vipimo gani?

Ya kwapani: yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na gongo, na uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na mikono huanza kufa ganzi. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono akiwa amesimama, kiwiko kikipinda kidogo. Fimbo ya kawaida hupimwa hivyo hivyo, na hushikwa upande wa mguu mzima, ingawa wengi hudhani ni upande wa mguu mbovu. Mpira wa chini ukiisha, badilisheni siku hiyo hiyo.

Kaka yangu amekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Atapata lini mguu wa bandia?

Kidonda lazima kwanza kipone na uvimbe wa kigutu upungue, na hilo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Lakini kuna kazi ya kufanya tangu sasa, na mara nyingi familia haiambiwi. Kama amekatwa chini ya goti, msimwekee mto chini ya goti, hata kama anasema anapata nafuu. Goti likizoea kukunjwa halinyooki tena, na mguu wa bandia hauwezi kuvalishwa juu ya goti lililokunjika. Alale kifudifudi kwa vipindi kila siku, anyooshe goti na nyonga. Kigutu kifungwe bendeji ya kuvutika, ikikaza zaidi kwenye ncha na kulegea kadiri inavyopanda, ili kipate umbo.

Siku ya kujaribisha aje na viatu atakavyovaa. Mguu hupangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu. Akipimwa kwa raba kisha akavaa viatu vya ofisini vyenye kisigino, atajikuta anasukumwa mbele. Mwaka wa kwanza kigutu huendelea kupungua, kwa hiyo soketi, yaani sehemu ya mguu wa bandia anamoingiza kigutu, hulegea: ataongeza soksi, na baadaye soketi itabadilishwa. Hiyo si dalili kwamba fundi alikosea.

Kwa joto la Dar au Mombasa jasho ni tatizo la kweli. Soksi za kigutu zifuliwe kila siku. Kama mguu ulikatwa kwa sababu ya kisukari, aukague na ule uliobaki kila jioni. Nao umo hatarini.

Babu hasikii. Tumnunulie vile vifaa vya sikioni vinavyouzwa mtandaoni?

Kwanza aangaliwe sikio. Wazee wengi wana nta iliyoganda tu. Kama usikivu wenyewe umepungua, apimwe, itolewe chati inayoonyesha sauti zipi hazisikii, ndipo shimesikio irekebishwe kufuata chati hiyo. Vile vya bei rahisi huongeza sauti zote kwa pamoja, kelele za feni na pikipiki zikiwemo, na babu atavivua ndani ya siku mbili.

Ulizeni betri kabla ya kununua. Zina namba na rangi: 10 ni ya njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Zinafanya kazi kwa kuingiza hewa, hivyo mkishabandua kile kibandiko zimeanza kuisha, hata kama hazijatumika. Mji usiouza saizi yenu utawafanya mtume mtu Nairobi au Dar kila mwezi. Za kuchaji zinasaidia pale umeme unapoaminika.

Kwa mtoto, kipande kinachokaa sikioni hubadilishwa anapokua. Kikilegea kinapiga filimbi. Na jambo moja nalisema kwa msisitizo: kumpa mtoto shimesikio kusiwe sababu ya kumnyima lugha ya alama. Anahitaji lugha sasa, si siku atakapozoea kifaa. CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, wanaweza kuwaelekeza kwa viziwi watu wazima, na familia ijifunze pamoja naye.

Dada yangu amepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 25. Kuna chochote kwenye simu ya kawaida?

Kipo tayari ndani ya simu, bure. Android nyingi zina TalkBack, chini ya Zana za Ufikivu. iPhone zina VoiceOver. Simu inasoma kila kinachoguswa, na kinafunguliwa kwa kugonga mara mbili. Pakueni sauti ya Kiswahili, la sivyo ujumbe wa shangazi utasomwa kwa matamshi ya Kizungu, mcheke mpaka mlie. Kwa kompyuta ya Windows kuna NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanza mwaka 2006, ambayo wasioona wengi wanafanyia kazi za ofisi. Wiki mbili za kwanza ni ngumu kwa kila mtu. Atafutiwe mtu asiyeona amfundishe, maana sisi tunaoona tunafundisha vibaya.

Tahadhari ya pesa: simu inaposoma skrini, atumie visikizi vya masikioni anapofungua akaunti ya pesa. Menyu za USSD, zile za kupiga nyota na namba, hukatika haraka kabla sauti haijamaliza kusoma, kwa hiyo programu ya simu humfaa zaidi.

Fimbo nyeupe haibadilishwi na simu. Urefu wake wa kawaida ni kutoka sakafuni hadi kidarini, na mafunzo ya kuitumia ni nusu ya kifaa. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, nazo zisidharauliwe kwa hoja kwamba "siku hizi kuna sauti". Sauti haimfundishi mtoto tahajia wala hesabu. Ile mashine nzito ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyoanza mwaka 1951, bado inapiga kazi mashuleni kwetu, na haihitaji chaji.

Na mtoto mwenye ualbino?

Wengi wana uoni hafifu ambao miwani peke yake haimalizi. Akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha, apewe darubini ndogo ya jicho moja ya kusomea ubao na kikuza maandishi cha kuweka juu ya kitabu. Asipelekwe shule ya nukta nundu kabla hajapimwa. Nimeona watoto wakisoma nukta nundu kwa macho. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni lazima, na KCMC Moshi hutengeneza ya kwao yaitwayo Kilisun.

Gharama zote hizi nani analipa?

Kenya, mwanzo ni kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) baada ya tathmini ya hospitali ya serikali. Aliyesajiliwa anaweza kuomba kifaa kupitia mfuko wa baraza hilo. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitaja haki ya vifaa saidizi. Mlango wa kugonga ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na chama kinachohusika: CHAWATA (chama cha walemavu), CHAVITA, Chama cha Wasioona. Nendeni na barua ya mtaalamu yenye vipimo. Maombi yaliyoandikwa "kiti mwendo" tu huleta kiti chochote.

Mnaoletewa kitu na ndugu aliye ughaibuni: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Shughulikieni karatasi kabla mzigo haujafika bandarini. Na mwambieni ndugu apate vipimo kwanza. Kiti cha umeme kutoka Ulaya kina uzito ambao daladala haibebi, na betri yake hamtaipata Singida.

Kikiharibika?

Kabla ya kukichukua, mpelekeeni fundi baiskeli wa mtaani akitazame. Kama tairi, spoku na bearingi anazo au anaweza kuzipata, mna kifaa cha miaka. Kila wiki: kaza nati, futa mchanga kwenye vigurudumu vya mbele, jaza upepo. Tairi laini humchosha mikono mpaka aseme kiti ni kibaya.

Tulimpatia kifaa, sasa kimetundikwa ukutani. Anasema hakitaki.

Mara nyingi kinamuumiza mahali na hajasema. Mara nyingine anaona haya: watoto wa mtaa walimcheka siku ya kwanza. Pengine hali yake imebadilika na kile kifaa kilikuwa cha mtu aliyekuwa mwaka jana. Msimgombeze, wala msimpe mtu mwingine kile kifaa bila kumuuliza. Njooni naye siku ya kliniki, mje nacho vilevile, na vumbi lake.